Breki Zilizofungwa kwa Muhali

Nakumbuka siku moja pale Malindi, na kabla sijaisimulia niwataje waliokuwapo, maana kisa hiki ni cha watu na jamaa zao. Alikuwapo mume wangu, Athmani Bwanaheri, Mungu amrehemu. Alikuwapo mamake, Bi Rukia, mavyaa wangu. Alikuwapo wifi yangu Mwanaisha, dadake Athmani, amempakata mwanawe wa kwanza. Alikuwapo mumewe Mwanaisha, Salim Kombo, fundi wa magari, na gereji ilikuwa yake, kiwanja cha mchanga uliolowa mafuta, kilichozungushiwa uwa wa makuti. Na mimi Zuhura, mkewe Athmani, sijatimiza hata miaka thelathini. Skuli sikwenda mbali, mwanangu, lakini majina ya watu hayanipotei.

Ilikuwa miaka ya themanini, daraja la Kilifi halijajengwa. Ukitoka Malindi kwenda Kikambala ilikubidi uteremke ule mteremko mpaka ukingoni mwa maji, upange foleni, uvuke kwa feri. Athmani alikuwa na pikapu moja kuukuu, akipeleka makuti kwa wenye mahoteli ya Kikambala. Pikapu hiyo ndiyo iliyokuwa shamba letu na duka letu.

Breki zikaanza kulia. Zikalia chuma kwa chuma, hata watoto wa mtaani wakawa wanatuigiza tukipita. Athmani akaenda kwanza kwa fundi asiyekuwa jamaa yetu, Mzee Fumo. Yule mzee alifungua gurudumu akatuonyesha shuu za breki, yale mabamba yaliyopinda yanayokaba gurudumu lisimame. Ngozi yake ngumu ilikuwa imeliwa yote, imebaki chuma kitupu. Akataja bei ya shuu mpya peke yake, na bei ya mkono wake peke yake.

"Mukitaka, nendeni dukani mukanunue wenyewe," akasema. "Na hizi kuukuu nitawapa muende nazo, musije mukasema Fumo kawarudishia zile zile."

Tuliona ni bei ya haki. Lakini tulipofika nyumbani Bi Rukia alighadhibika.

"Una shemejio fundi, nawe wapeleka gari kwa mtu baki? Watu watasemaje? Watasema mkwe wangu hajui kazi, au nyumba hii imefarakana."

Basi kesho yake tukaipeleka kwa Salim, sote hao niliowataja. Athmani akauliza bei. Salim akajipangusa mikono, akacheka.

"Shemeji, baina yetu kuna bei? Dadako yumo ndani mwangu, nami nikuuzie breki?"

"Shuu si zanunuliwa dukani, Salim?"

"Utanipa Mungu alichokujaalia. Ukikosa, nipe samaki."

Tukacheka. Mwanangu, pale ndipo ningetaka uangalie. Kwetu pwani bei isiyotajwa hushinda iliyotajwa, kwa kuwa hakuna anayethubutu kumpa mkwewe haba. Alasiri kazi ilipokwisha, Athmani alimkabidhi Salim fedha ndani ya leso, na zilikuwa nyingi kuliko alizotaka Mzee Fumo. Salim akazitia mfukoni bila kuzitazama, maana kuhesabu mbele ya jamaa ni kukosa adabu. Na palipokosekana bei pakakosekana sharti. Hakuna aliyetamka kuwa shuu ziwe mpya. Kila mmoja alidhani mwenziwe anajua.

Mimi nikauliza. "Shemeji, zile kuukuu ziwapi? Nataka kuziona."

Bi Rukia akanifinya mkono chini ya buibui. "Mwana wa watu wewe, wamfanya mkwe wangu mwizi?"

"Nimezitupa," akasema Salim. "Au wataka kuzipika?"

Mwanaisha akainama akimfunika mtoto. Athmani akanitazama mara moja, akaingia garini. Nikanyamaza. Huo ndio muhali, ile haya inayokuzuia kumwambia mtu wako haki yako. Nimeuona muhali ukimwoza msichana kwa mume asiyemtaka. Nimeuona ukiuza shamba la mayatima. Siku ile niliuona ukifunga breki.

Kelele zilikoma, tukasema alhamdulillahi. Haikupita muda tukasafiri na shehena ya makuti, mimi nimekaa mbele kando ya mume wangu. Tulipoanza kuteremkia feri ya Kilifi nilimwona akikanyaga, akikanyaga tena, goti linapanda na kushuka na gari halisikii. Mbele yetu foleni ya watu imekatiza njia. Athmani akapinda usukani kuelekea tutani ili asiwapitie, na pale kandoni alikuwa ameketi msichana wa Kigiriama na ungo wake wa korosho. Jina lake Kadzo, binti wa Bi Sidi. Alikuwa amechumbiwa. Gari lilimbana mguu kwenye tuta, na hospitali wakaukata juu ya goti.

Fundi aliyeitwa na askari alifungua gurudumu mbele yetu. Shuu zilikuwa zile zile, zimekwanguliwa kwa msasa zisilie.

Salim alikuja hospitali na machungwa. Naam, machungwa, kikapu kizima. Nikataka kusema, Bi Rukia akamwita Athmani pembeni. Nilimsikia. "Ukimtaja Salim atafungwa, na dadako ana mtoto mchanga. Gari ni lako. Sema kosa ni lako." Athmani akawaambia askari kosa ni lake. Akauza pikapu kumlipia Kadzo matibabu na fidia, akaenda Marereni kuchota chumvi kwa kibarua, mpaka nyayo zikapasuka. Salim aliendelea na gereji yake. Sikukuu zote alikuja kwetu, tukamwandalia pilau.

Siku tuliyokwenda kwa Bi Sidi kuomba radhi, alitukaribisha vigodani, akatupa maji. Hakupiga kelele.

"Gari ni chuma, huharibika," akasema. "Mino nataka neno moja tu. Nyinyi mlijua?"

Athmani akaweka maji chini. Mavyaa wangu akanitazama, na macho yale niliyajua.

"Tulishuku, mama," nikasema. "Tukaona haya kuuliza, kwa kuwa fundi ni jamaa."

Bi Sidi akatikisa kichwa taratibu. "Kumbe haya yenu ni ya ghali hivyo. Na hamkuilipa nyinyi. Amewalipia mwanangu."

Mchumba wa Kadzo hakurudi. Bi Rukia hakusema nami mwezi mzima kwa neno nililolitoa mbele ya watu baki, na Athmani mpaka kufa kwake hakutaja jina la Salim kwa ubaya. Watu walimsifu kwa hilo mazikoni. Mimi nilikuwa ndani na wanawake nikisikia sifa hizo, na moyo wangu ulikuwa mchungu kama shubiri. Hata leo haujatamuka.

Basi sikiliza, mwanangu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Ukipeleka gari kwa fundi, bei itajwe kabla spana haijaguswa, ya kitu mbali na ya mkono mbali. Uliza kwengine ujue haki ni ngapi, usimpunje fundi wala asikupunje. Kitu kipya ukione kabla hakijafungwa, na kikuukuu kitiwe mkononi mwako. Akiwa ni mtu baki, uliza mara moja. Akiwa ni ndugu, mkwe au rafiki, uliza mara mbili, maana kikulacho ki nguoni mwako. Akikasirika, na akasirike. Hasira za jamaa zina sulhu, na mguu wa Kadzo haukuota tena. Na mzee akikufinya mkono unyamaze, hata akiwa ni mimi, utoe mkono wako useme.

Mungu akulinde na miteremko yote, akupe jamaa wasioona haya kuulizwa, na ulimi usioogopa kuuliza. Amin.

Na ikiwa nimemkosea mtu hapa, nisahihisheni ningali hai. Mwanaisha yupo, anaweza kuulizwa. Jina la baba yake Kadzo ndilo sina yakini nalo. Nadhani alikuwa Karisa, lakini siku ile alikaa nje peke yake, na mimi sikuwa na uso wa kumwendea.