Kola Kati ya Meno

Roser Plana, muuza samaki katika soko la mji wa Valls, alikuwa na mabega ya kubebea watu, na hakuna aliyemwambia hivyo kwa kumtusi. Kila sikukuu, kikosi cha mji kiliposimamisha mnara wa watu, mmoja juu ya mabega ya mwingine, yeye alikuwa ghorofa ya tatu, miguu peku juu ya mabega ya wenzake. Wengine walipanda juu yake hadi kileleni, ambako mtoto mwepesi huinua mkono kuonyesha kuwa mnara umekamilika. Mwaka huo mtoto huyo alikuwa binti yake, Queralt, mwoga asiyekubali kupanda mnara ambao mama yake hayumo.

Mazoezini mnara mmoja uliporomoka, kichwa cha Roser kikagonga goti la mtu. Hakuzimia. Ila tangu siku hiyo, kila akiinama kwenye masanduku ya samaki na kuinuka, soko lilimzunguka.

"Picha ya kichwa ni safi, hakuna damu iliyovuja," daktari alimwambia. "Lakini mishipa ya ubongo haijapona. Ukijikaza, damu haifiki juu inavyotakiwa. Usipande mpaka nikuruhusu."

Roser alishika neno "safi", mengine akayatia kapuni. Ukaidi wa mtu mzima unaudhi, hata ukijua ni wa mapenzi: mama akikaa chini, na mwana hapandi.

Siku ya sikukuu, Ferriol, mkuu wa kikosi, alimsaidia kukaza mshipi mweusi kiunoni.

"Kichwa vipi, dada?"

"Kipo, si unakiona shingoni?"

"Acha utani, nakuuliza kweli."

"Nami nakujibu kweli. Kaza bwana, unanifunga kama kitoto kichanga!"

Akapanda. Akauma kola ya shati, kama wote waumavyo, ili kitambaa kisiteleze chini ya nyayo za anayekanyaga begani. Aliyeuma kola hasemi. Uzito ukamshukia, mtu baada ya mtu, zumari zikalia, kisha Queralt akamparamia mgongoni na kupita. Ndipo masikio yakaanza kuvuma na giza likaingia pembeni mwa macho. Alikuwa na nafasi ya kutema kola na kupiga kelele washuke. Bado kidogo tu, akawaza, watashuka wenyewe. Akazidi kuuma.

Akaanguka, na mnara mzima ukaporomoka.

Hakufa mtu. Lakini Queralt, ingawa alivaa kofia ngumu, aliumia kichwa akalazwa hospitali, na aliporudi nyumbani mapazia hayakufunguliwa, maana mwanga ulimuumiza. Alikuwa akisahau neno katikati ya sentensi, analia, anaanza upya.

"Mama," alinong'ona siku moja, "nisamehe. Nilikanyaga vibaya, eti?"

Roser angeweza kunyamaza tena. Mji mzima ulishasema ni bahati mbaya.

"Hukukosea, mwanangu. Mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa. Nilijua, na nikakuacha upande."

Queralt akautoa mkono wake katika mkono wa mama yake, akageukia ukutani.