Sanduku la Kafuri

Juzi mjukuu wangu alifungua pakiti ya kafuri ili aweke kwenye kabati la nguo. Harufu ile ikanirudisha kwenye duka la Mchina mmoja pale Tarime, nikiwa bado mtoto wa kushika kanga ya mama.

Benki hatukuijua. Watu walimwekesha yeye pesa zao ndani ya sanduku la mbao lililonukia kafuri. Hata ugomvi wa mipaka ya mashamba walimpelekea, akawasuluhisha kwa Kikurya chake cha kuchechemea.

Baba alipofariki, baba mdogo alitupeleka dukani. Alizitaka pesa za ng'ombe ambazo baba aliziweka kwa jina la mama.

"Mwanamke ana mali gani?" alifoka mbele ya wateja. "Nipe mimi, mzee."

Mchina alifungua sanduku. Alimsogezea mama kigoda, akamimina chai kwenye kikombe kidogo, akampa kwa mikono miwili. Sikuwa nimewahi kuona mwanamume akimwandalia mama kitu.

"Mama," akasema polepole, "nimpe?"

Mama alinitazama, akatazama chini.

"Hapana," akasema. "Ni za kumsomesha huyu binti yangu."

Mchina akafunga sanduku, akalikalia. Baba mdogo akatoka bila kuaga.

Tulirudi kwa miguu, tukipita kando ya mashamba ya ulezi. Mama alitangulia mbele. Kila baada ya kitambo nilimsikia akisema peke yake, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeonja chakula kigeni: "Hapana. Hapana."