Saini Bila Kufika

Mwaka ule wa mvua nyingi, barabara ya Handeni ilipokatika mara tatu, Fausta alitia saini hati moja akiwa ofisini kwake Korogwe. Hati ilisema kwamba yeye, msanifu wa zahanati ya ghorofa moja ya mzee Sabiri, amekagua nondo za nguzo kabla ya zege kumwagwa. Hakuwa amekagua kitu. Fundi Sharifu alimtumia picha kwenye simu, naye akaziamini, maana walishafanya kazi pamoja miaka tisa bila kukosana.

Miaka miwili baadaye alipigiwa simu na Hajira, muuguzi wa zahanati hiyo.

"Shikamoo mama. Mlango wa wodi ya wazazi haufungi."

"Marahaba. Labda umevimba kwa unyevu."

"Ni wa chuma, mama."

Fausta hakuuliza tena. Kabla ya adhuhuri alikuwa Handeni.

Jengo lilikuwa limepakwa rangi upya, bado inanuka. Hajira alisema mzee ameziba nyufa kwa sababu zilikuwa zinatisha wagonjwa. Fausta akaazima patasi na nyundo, akabandua plasta kwenye nguzo ya kona ya nyuma. Zege likamomonyoka vidoleni. Ndani mlikuwa na nondo nne nyembamba. Yeye alichora sita nene. Juu ya kichwa chake kitoto kichanga kililia, na mtu akavuta kitanda.

Alimpigia Sharifu. Simu haikupatikana. Mzee Sabiri ndiye aliyefika, kanzu yake imepigwa pasi vizuri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unanibomolea nyumba, injinia?"

"Watu watoke leo, mzee. Nguzo hizi haziwezi kubeba ghorofa."

"Si wewe uliyesaini kwamba ziko sawa?"

"Nilisaini bila kuja."

Mzee akatazama mlangoni, akashusha sauti. "Hayo usiyarudie mbele za watu. Utajifunga mwenyewe. Tutaongeza nguzo taratibu. Wewe hukuona kitu, na mimi sikusikia kitu."

Shauri lile lilimwingia Fausta, na jambo hilo lenyewe likamtia aibu. Ndipo ukuta ukalia, mlio mfupi, mkavu, kutoka ndani. Wote watatu waliusikia, hata Hajira aliyekuwa mlangoni. Fausta akapanda ngazi, Hajira nyuma yake, wakaanza kuwateremsha wazazi mmoja mmoja.

Jioni hiyo aliandika barua mbili, moja kwa halmashauri, nyingine kwa bodi iliyomsajili, na katika zote akaeleza kosa lake mwenyewe. Zahanati ikafungwa. Wiki ya tatu kona ya nyuma ilianguka, hamna mtu ndani. Bodi ilimsimamisha kazi miaka miwili, na kesi aliyofunguliwa na mzee Sabiri bado inatajwa mahakamani. Sharifu hajaonekana.

Lakini kabatini Fausta alikuta hati nyingine nne alizosaini kwa picha za Sharifu. Alizipeleka zote halmashauri. Majengo matatu yalikaguliwa. La nne, bweni la wasichana huko Mazinde, hakuna aliyemjibu kuhusu hilo.

Akaenda mwenyewe. Mlinzi akamwambia hana kibali cha kuingia. Ghorofani wasichana walikuwa wanaanika nguo, wanacheka, na chini ya dirisha lao ukutani palikuwa na mstari wa rangi mpya.

"Niitie matroni," Fausta alisema. "Siondoki hapa mpaka aje."

Mlinzi alimtazama kidogo, kisha akaenda.