Laini ya Ng'ambo

Fundi cherehani wa soko la Muyinga hakati kitambaa kabla hajakipitishia kiganja mara tatu, na hivyo ndivyo alivyozipitishia picha mbili za simu zitakazofika mwezi ujao. Simu yake ya sasa imefungwa kwa lastiki ya sketi. Ile ya kampuni ya mtandao ya hapa ni ya bei nafuu, lakini inakubali laini ya kampuni hiyo tu. Ya pili inakubali laini yoyote, nayo itaimaliza akiba yake.

“Chukua ya kampuni, mama,” alisema Husni, muuza simu. “Iko bei ya chini. We unapigia mtoto wako wa Gitega tu.”

Mama akafungua fundo la kitenge chake, akatoa laini ya Tanzania aliyorudi nayo kutoka kambi ya wakimbizi. Kila Jumapili huitia simuni, akaipeleka kilimani Giteranyi, mtandao wa ng'ambo unakoshika, akakaa nayo hadi jua lipoe. Mdogo wake aliyebaki kambini hajui namba nyingine.

“Kwani anapigaka?”

“Mwaka wa tatu huu hajapiga.” Alilifunga fundo polepole, akalikaza kwa meno, kama anavyokata uzi. “Lakini siku akipiga, sitaki aambiwe sipatikani. Niwekee hiyo ya laini yoyote.”