Martine mwenye kushona viti vya gari

Bibi yangu Martine alishona viti vya gari maisha yetu yote ya ndoa. Mashini yake ilikaa kwenye baraza, hapa Kadutu, pale njia ya miguu inashuka kutoka sokoni. Mimi nilikuwa mubeba mizigo. Mwenye watu walikuwa wanaulizia njo yeye, si mimi.

Jirani yetu Donatien ni tolie, ananyoosha mabati ya gari zenye zimegongwa. Alikuwa anamuletea viti vilivyopasuka, Martine anavivalisha ngozi mupya. Gari za Wajerumani ndizo alipenda kuzidi zote. Alikuwa anasema, "Hawa watu wanazaa sana, na kila mutoto anatoka na sura ya baba."

Iko kweli. Mercedes iko ndogo, iko ya katikati, iko ile ndefu ya mapatron, wale wakubwa wenye pesa, na zingine tena za milima. Ukisimama mbele yake haujui ni gani inakuja. Audi ni vile vile, BMW ni vile vile. Mpaka ipite, uone mugongo na ile herufi ya nyuma yenye kusema ukubwa wake.

Mukwe wetu Fabien, bwana ya binti yetu Mélanie, alikuwa na Mercedes ndogo, nyeusi, ya kukodisha kwa ndoa. Huku kwetu bibi harusi hatoki kwao na gari yoyote tu. Watu wanasimama kwenye kilima wanaangalia. Basi Martine alimuambia Donatien abandue herufi ya nyuma, abandike ya ile kubwa, na yale meno ya chuma ya mbele abadilishe.

"Maman Martine, unavalisha mutoto suti ya baba yake," Donatien alisema.

"Mradi mikono haiburuti chini."

Wengi wanafanya vile. Ni furaha ya siku moja, hakuna mwenye analia.

Kisha watu wenye bunduki wakaingia mjini. Gari kubwa zikaanza kupotea, na wenyewe wakapotea nyuma yake. Tulimuambia Fabien afunike yake na hema. Alisema ndoa moja tu, kule Miti, familia ilishamupa neno.

Mchana wa ile ndoa mutu wa moto, yule wa pikipiki, alikuja mbio. Fabien ameshikwa kwenye bariere ya wale wenye bunduki. Wanasema gari ni ya patron fulani mwenye kununua dhahabu, mwenye alikimbia. Wanamuuliza patron iko wapi.

Fabien hakumujua yule patron. Na wale watu, wakiuliza mara ya pili, hawaulizi na mudomo.

Martine alitoa muguu kwenye mashini. "Ile gari ni mimi niliivalisha," alisema. Akafunga kitenge, akashuka njia. Nilimufuata. Tulipanda moto moja, yeye nyuma yangu. Mikono yake kwenye tumbo langu ilikuwa baridi.

Bariere ilikuwa kamba tu, mutu mumoja murefu anaishika. Gari ilisimama pembeni na riboni zake za ndoa. Fabien alikuwa amekaa chini, bila viatu, bila mukaba wa suruali. Hakutuangalia. Komanda alikuwa mutu mufupi, mupole wa sauti. Ule upole njo ulinitia baridi.

"Maman, unatafuta nini?"

"Mukwe wangu, papa. Ile gari iko ndogo, haiko ya patron."

"Ndogo?" Aliizunguka polepole. "Mimi naona sura. Naona na herufi. Patron alipita hapa na hii hii."

"Sura yao iko moja, papa. Herufi tulibandika, juu ya ndoa. Viti nilishona mimi. Ile kubwa, ukikaa nyuma unanyoosha miguu. Hii, magoti yanagonga kiti cha mbele. Ukae, utaona."

"Na yasipogonga?"

Martine alifungua mulango wa nyuma.

Komanda aliingia nyuma, akafunga mulango. Hapo njo niliona kitu chenye woga ulitufichia: yule mutu ni mufupi. Magoti yake hayakugusa kitu. Alinyoosha miguu polepole, akaegemea. Nilisikia Fabien anaanza Salamu Maria, chini chini.

"Niko muzuri hapa," komanda alisema. "Hii iko ya patron."

Martine aliinama kwenye dirisha ya gari. Alisema, "Papa, umuite yule murefu wa kwenye kamba."

Nilifunga macho. Amemuambia ufupi wake mbele ya watu wake.

"Unanichekelea, maman?"

"Hapana, papa. Namuombea mutoto wa watu."

Komanda alipiga kidole. Yule murefu alikuja, akajikunja, akaingia. Magoti yake yaligonga kiti, yakapanda karibu na kidevu kama ya panzi. Mumoja wa watu wa komanda akacheka, akameza kicheko. Komanda hakucheka. Alienda nyuma, akabandua herufi na kisu, akaiweka mufukoni.

"Mwende. Isipite tena hapa na sura ya mutu mwingine."

Fabien aliendesha na miguu wazi mpaka nyumbani. Yule bibi harusi wa Miti sijui alienda kanisani na nini.

Tulidhani imeisha. Lakini Martine hakushona tena. Alikuwa anakaa kwenye baraza, macho kwenye barabara ya chini. Gari nyeusi ikitokea, anasimama.

"Ni wao, Papa Mélanie?"

"Sijui."

"Angalia vizuri."

Ningeangalia nini? Sura ni moja. Alikuwa anasimama vile, mukono kwenye kifua, mpaka ipite. Zingine zilipita. Siku moja ilikuja moja, akasimama, na mbele haijatufikia akaanguka, hakuamuka tena. Daktari alisema tension, damu ilipanda. Gari ilikuwa ya mutu wa harusi, ilipiga honi ikaenda zake.

Mashini iko bado kwenye baraza. Nakaa pembeni yake. Gari nyeusi ikitokea kule chini, nasimama mimi. Naangalia vizuri, vile alisema. Sijui ni nani anakuja mpaka apite.