Gwantwa Hapigi Magoti

Huko milima ya Ileje, mwanamke akimsalimu kaka wa mumewe hupiga magoti. Gwantwa alipiga magoti tangu aolewe, kwenye matope, kwenye changarawe, hata akiwa na ndoo ya maji kichwani. Hakuna aliyemsifu. Siku magoti yalipogoma ndipo ukoo mzima ulipojua kuwa anayo.

Yalivimba, yakawa yanasagana kila akishuka shambani. Vidonge vya maumivu vilimchoma tumbo, maana ana vidonda. Mganga wa zahanati akampa tyubu ya dawa ya kupaka na kumweleza bila kumficha: gegedu, ule mto laini kati ya mifupa ya goti, imelika, dawa itatuliza maumivu na uvimbe, lakini haitarudisha kilicholika. Kupiga magoti, basi; tangu hapo akawa anasalimu amesimama.

Gwantwa alipaka kwa uaminifu. Majirani waliinusa wakacheka, dawa gani hiyo isiyowasha? Lakini baada ya majuma kadhaa akaanza kushuka tena kwenye kahawa yake, taratibu, akishika mti huu na ule. Na hapo ndipo alipopata kesi.

"Kumbe anaweza!" alifoka Ambwene, kaka mkubwa wa mumewe na mzee wa kanisa. "Shambani anafika, sokoni anafika. Kunisalimu mimi tu ndiyo magoti yanauma?"

Jamani! Mtu apate nafuu kidogo, nafuu yenyewe igeuzwe ushahidi wa kiburi.

Wakati huo wakwe wa bintiye Tabita walikuwa wanakuja kutambulishwa. Ambwene akaitisha kikao asubuhi ya siku hiyohiyo: Gwantwa apige magoti mbele ya ukoo aombe radhi, la sivyo Sekela, mke wa Ambwene, ndiye atakayekaa na kuwapokea wageni kama mama wa binti. Aliyemzaa Tabita abaki jikoni! Na mumewe, Andongwisye, mtu mzima mwenye ndevu, alikaa akikuna kidevu.

Gwantwa alisimama katikati ya sebule. Kwa ajili ya Tabita alitaka apige tu, yaishe. Akashika ukuta, akaanza kujishusha. Katikati ya safari goti likamchoma hadi machozi yakamlenga. Akatazama nyuso zilizokuwa zikimsubiri afike chini, hata moja haikuona haya. Hasira ikampanda. Akajiinua.

"Shemeji," alisema, "kanisani wenzako wakipiga magoti kusali, wewe unasali umekaa, kwa sababu magoti yanakuuma. Na sisi tunakupa pole. Sasa mimi nikupigie wewe magoti, na wewe Mungu humpigii?"

Ambwene akavuta miguu yake chini ya kiti. Sekela akainamisha uso. Andongwisye ndipo alipopata miguu, akavuta kiti, akasema, "Kaa, mama Tabita."

Wageni walipofika, Gwantwa aliwapokea akiwa amekaa, mguu ameunyoosha. Waliinama wao kumpa mkono. Radhi hakuomba. Wala hakuna aliyemwomba yeye, mpaka leo.