Msamaha wa Migomba Thelathini

Nilirudi Kibosho nikitokea Goma, vita vilipofika hadi mtaa niliokuwa nikiuzia vipuri vya pikipiki. Nilikimbia na begi moja na kandambili, nikavuka Rwanda, nikapanda basi hili na lile mpaka stendi ya Moshi. Hayo nayasema kwa kifupi, maana ndiyo pekee watu waliyotaka kuyasikia na nimechoka kuyasimulia. Kila aliyeingia uani kwetu alisema "pole na vita", akauliza kama nimeona mabomu kwa macho yangu, akanywa chai, na kabla ya kuaga akanishika bega: "Sisi tulishakusamehe."

Wamenisamehe! Miaka ishirini na sita nimekaa ugenini nikisubiri mtu mmoja wa kwetu aniambie, "Tulikosea, hukuwa wewe." Kumbe wao walishakaa, wakanihukumu tena bila mimi, wakanisamehe, na bakuli la mtori wakaniletea. Mtu akikutukana unaweza kumjibu. Akikusamehe kosa ambalo hukulifanya, utamjibu nini?

Kosa lenyewe lilikuwa migomba. Baba alipofariki, baba mdogo, ambaye kihamba chake, shamba la nyumbani, kinapakana na chetu, aling'oa masale, ile mimea ya mpaka, na kuyapanda upya ndani ya shamba letu. Ukanda mzima wa migomba na kahawa ukawa wake. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili na mdomo usio na breki. Tukiwa kwenye pombe ya mbege kwa jirani, nikasema mbele za watu kwamba baba mdogo atakiona cha mtema kuni. Wiki haikuisha. Asubuhi moja migomba thelathini ya ukanda ule ikakutwa imelala chini, mingine na mikungu yake michanga, na kando ya mfereji likakutwa panga langu.

Kwetu kumkatia mtu migomba si mchezo, ni kumwambia afe njaa. Polisi walinikalisha siku mbili, wakaniachia kwa kukosa ushahidi. Ukoo haukuhitaji ushahidi. Jumapili niliyokwenda kanisani, benchi nililokalia likabaki langu peke yangu, na wamama waliokuwa wamekaa pale walihamia upande wa pili na rozari zao. Baba mdogo aliapa kwamba hatalala mlima mmoja na mimi. Nikaondoka, nikaenda Kigoma, nikavuka ziwa.

Sasa basi, nimerudi. Mdogo wangu wa mwisho, anayekaa na mama pale kihambani, alikuwa ameshapanga kila kitu kabla sijapumzika. Jumapili baada ya misa, jumuiya nzima itakusanyika kwa baba mdogo, na mimi nitampelekea jani la sale. Kwetu mwenye kosa hulifunga fundo jani hilo na kumpelekea aliyemkosea, naye huyo hana ruhusa ya kukataa. Ni desturi nzuri sana kwa mtu mwenye kosa.

"Aisee kaka, ni jani tu," mdogo wangu aliniambia.

"Kama ni jani tu, lipeleke wewe."

"Yaliyopita si ndwele, kaka."

Ndwele ilikuwa yangu, lakini kila mtu alikuwa mganga. Katekista naye alikuja kunisomea habari za mwana mpotevu. Nikamwuliza ni mali gani niliyoitapanya, mimi niliyeondoka na shati moja. Akasema nisiwe na moyo mgumu, akaomba aongezewe chai.

Jumamosi nilimfuata mama nyuma ya zizi. Alikuwa akimkatia ng'ombe shina la mgomba. Ana miaka sabini na kitu na magoti yake yamekwisha, lakini vipande vilikuwa vinaanguka sawasawa, kimoja baada ya kingine.

"Mama," nikasema, "hao wengine waamini wanavyotaka. Wewe tu niambie. Uliamini ni mimi?"

"Sikuamini."

Machozi yakanilenga. Ningekuwa na akili ningeishia hapo.

"Sasa kwa nini hukusema?"

Akaweka panga chini. "Kwa sababu nilikata mimi."

Nilisimama pale nikimwangalia ng'ombe akila. Nilitafuta swali la maana, nikapata moja la kijinga. "Na panga langu?"

"Langu lilikuwa butu."

Hasira iliyonipanda siku ile, hata Goma sikuwahi kuwa nayo. Nikamwuliza kama anajua maana ya kuitwa mgeni miaka ishirini na sita, kama anajua nimezikosa harusi na misiba mingapi. Nilimwambia na mengine ambayo mtoto hamwambii mzazi, na siyajutii yote. Aliniacha nimalize.

"Ningesema, baba yako mdogo angenitoa hapa siku hiyohiyo," alisema. "Mimi mjane, na mdogo wako alikuwa na miaka tisa. Wewe ulikuwa na miguu. Nikasema ukae mwaka mmoja, watu wasahau, nitakuita. Mwaka ukapita, na wa pili, nikaona aibu kukuita. Redio ilipoanza kutangaza vita vya huko, nilijua nimekuua mwenyewe, mwanangu."

Kisha akasema kwamba sale atalipeleka yeye. Atasema mbele yao wote. Mimi nimshike tu mkono kwenye mteremko, maana njia inateleza.

Nilikubali. Nasema ukweli, nilifurahi. Nilichukua pasi ya mkaa nikalinyoosha shati langu mpaka kola.

Jumapili baba mdogo alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya ua wake, amevaa koti la suti. Tulimwamkia shikamoo, tukaimba, katekista akaomba kwa kirefu. Halafu mama akaanza kuinuka. Mara ya kwanza magoti yalimkatalia. Mara ya pili alishika bega la jirani akasimama, jani mkononi. Niliwatazama wale wanawake wa jumuiya. Ndio wanaomchotea maji, ndio wanaomshika mkono kwenda kanisani. Lile benchi tupu nalijua, nililikalia nikiwa kijana mwenye nguvu zangu. Mama akafungua mdomo.

Nikalichukua jani mkononi mwake, nikampa baba mdogo.

"Nilijua tu," alisema, na uso ukamng'aa. "Miaka yote hii nilijua."

"Ndiyo, baba mdogo."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mdogo wangu alinikonyeza, kana kwamba kazi yote ameifanya yeye. Nyuma yangu nilimsikia mama akilia, kisha nikahisi ananivuta shati, nikadhani anataka kunishukuru. Alinisogelea sikioni akaninong'oneza kwamba nipige goti, mtu haombi msamaha amesimama wima, na watu wanaangalia.

Nikapiga goti.